Kochi la Wacera

Jacky aliposimama mbele ya wenzake na kutangaza kwamba mchezo wa kuuaga ukumbi utakuwa "Nyumba Mbili, Kufuli Moja", wote walishangilia. Wote isipokuwa Phelister. Yeye alikuwa ameketi anapoketi siku zote, benchi la nyuma karibu na mlango, kikombe mkononi na mkoba mapajani.

"Na ile ya viatu lazima iwe ndani," Jacky akaendelea. "Sitaki kusikia mtu. Mzee wangu mpaka leo ukimtajia Kikundi cha Sebule, hakumbuki kitu kingine. Ni vile viatu tu, vile viatu. Shosh, bibi yetu, si ni wewe ulivitoa wapi sijui ukaviweka pale? Shosh ni moto!"

Vijana wakageuka kumpigia makofi. Phelister akajitia kutabasamu, akaweka kikombe chini, akasema anakwenda msalani. Hakwenda. Alisimama nje ya ukumbi, mbele ya ile alama ya X nyekundu iliyopakwa ukutani na watu wanaokuja kujenga gorofa, akajisemea kwa Kijaluo, "Yawa, haya ni mambo gani tena?" Kwa maana vile viatu hakuviweka yeye, wala havikuwa vya mchezo. Waliojua hivyo walikuwa yeye, na Wacera, na mume wa Wacera ambaye sasa ni marehemu. Na Wacera alikuwa hasemi naye tangu siku ile.

Ili ulielewe hilo, lazima umjue Phelister kwanza, na jinsi alivyoingia katika mambo ya maigizo bila kupenda.

Aliletwa mtaa wa Makongeni akiwa bibi harusi wa Owuor, fundi wa reli, mtu mpole aliyependa redio kuliko mazungumzo. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko la kushiriki. Phelister akanunua cherehani ya miguu, akaomba nafasi barazani pa duka moja mtaa wa jirani, Mbotela, akaanza kushona sare za shule na magauni ya kipaimara. Siku moja akaja kijana mmoja mrefu, karani wa ofisi fulani mjini, jina lake Willis Odero. Akaomba stuli. Akasema ni ya dakika mbili. Phelister akampa, akaendelea kushona akiwa amekalia debe. Jua likasogea, kijana haonekani. Phelister akafunga kazi, akaanza kuuliza njiani: umeona kijana na stuli? Wakamwelekeza ukumbini. Kuingia, anaiona stuli yake iko jukwaani, imekaliwa na mwanamume mwenye taji la karatasi, na watu mia wamenyamaza wakimsikiliza.

Mwanamke mwingine angesubiri. Phelister hana simile. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasema, "Wewe mfalme, simama. Hiyo ni ya kazi."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mfalme akasimama, akamaliza utawala wake kwa miguu. Baada ya mchezo Willis alikuja kuomba radhi, na Phelister akampa somo zima: mtu akikopa kitu, anasema ni cha nini, anasema kitarudi lini, na anakirudisha yeye mwenyewe kwa mkono wake, anakaa, anashukuru. Siyo kutuma tuma watu. Willis alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, basi wewe ndiye utakuwa unatukopea."

Ndivyo alivyoanza. Alidhani atasaidia mara moja tu.

Kikundi kilijiita Sebule kwa sababu kila mchezo wao ulitokea sebuleni. Hawakuwa na michezo ya vitabu. Walijipikia wenyewe: walikaa jioni baada ya kazi, huyu analeta ugomvi aliousikia kupitia ukutani, yule analeta shangazi aliyekataa kuondoka baada ya matanga, wanachanganya, wanajaribu, wanacheka, mpaka unakuwa mchezo. "Mgeni wa Krismasi." "Posa ya Fundi Bomba." "Baba Amestaafu." Na kwa kuwa hawakuwa na kitu, makochi, meza, kabati, picha za ukutani, hata pazia, vyote vilikopwa kwenye nyumba za mtaa. Mkopaji akiwa Phelister.

Enzi hizo, we! Jumamosi mchana vijana wangebeba meza ya mtu kutoka Makongeni, wavuke nayo barabara, watoto nyuma wakipiga kelele, kina mama wakitoka milangoni kubahatisha. "Hiyo ni ya Mama Mulwa! Naujua huo mguu uliopigwa misumari!" Kufika saa za mchezo, sebule yote iko jukwaani, na wenye vitu wamepewa benchi la mbele kama wakwe. Mwigizaji wa kwanza akitaka kuingia, anasimama pembeni na kubisha: "Hodi hapa kwa Mama Mulwa?" Na Mama Mulwa, amevaa nguo ya kanisani, amejipaka mafuta mpaka anameremeta, anaitikia kutoka benchi la mbele, "Karibuni!" Asipoitikia, mchezo hauanzi. Kuna mama mmoja aliwahi kumweka Willis mlangoni akimuuliza kwanza habari za nyumbani, na wazazi, na kazi, na ukumbi wote ukangoja.

Phelister alikuwa na taratibu zake. Alikopa kwa mdomo wake, alirudisha kwa mkono wake. Vijana walibeba, sawa, lakini yeye alikuwepo, akaingia, akaketi, akanywa chai, akasimulia mchezo ulivyokwenda. Na kabla ya kochi lolote kupanda jukwaani, alilikagua. Alitia vidole kwenye kila mshono na kila mwanya, kwa sababu makochi ya watu yana siri zake: pini za nywele, kalamu, vifungo, funguo zilizotafutwa mwaka mzima, na mara moja, haki ya Mungu, meno ya bandia. Vyote alivifunga kwenye leso na kuvirudisha pamoja na kochi. "Hivi ni vyenu, vilikuwa vimelala humo." Mtaa mzima ulijua hivyo. Walisema Mama Maurine ana macho kwenye vidole. Maurine ndiye binti yake wa pekee, na ndivyo alivyoitwa, Mama Maurine, hata na watu waliomzidi umri.

Sasa, Wacera.

Wacera, Mama Wahome, alikuwa na duka la nafaka mkabala na cherehani ya Phelister. Walianza kwa kugombania kivuli na wakaishia kula pamoja kila mchana. Wacera alileta mukimo wa viazi vya kuponda, Phelister akaleta omena, na kila mmoja alikila chakula cha mwenzake huku akikilalamikia. "Mama Maurine, hawa samaki wananikodolea macho." "Na wewe mukimo wako umeupiga chokaa?" Basi hivyo, miaka nenda miaka rudi. Phelister alipompoteza Owuor, ni Wacera aliyefunga duka na kulala naye chumba kimoja mpaka mazishi yalipokwisha, na njia nzima ya kwenda Ugenya kwa kina Owuor alimpakata Maurine.

Na Wacera alikuwa na kochi. Kochi la watu watatu, velveti, rangi ya damu ya mzee, lenye mikono ya mviringo, na juu yake vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe. Mume wake Dedan, aliyeuza vipuri vya magari, alikuwa amemnunulia mwaka biashara yake iliponyooka. Hakuna kochi lililokuwa zuri hivyo kutoka Mbotela mpaka mbele huko. Phelister alikuwa hajawahi kuliomba, kwa kuona haya. Lakini Sebule walipopika "Nyumba Mbili, Kufuli Moja", mchezo wa mwanamume mwenye familia mbili zisizojuana, Willis akasema nyumba ya mke mkubwa lazima iwe na kochi la kumfanya mtu aulize kwa nini mume huyu anatoka nje. Phelister akaenda kwa Wacera. Wacera hakumwacha amalize. "Kwani ulikuwa unangoja nini miaka yote hii? Nilidhani unalidharau!"

Siku ile Wacera alikaa mbele kabisa, kilemba kipya, Dedan kando yake na kofia magotini. Hodi ikapigwa. Akaitikia kwa sauti mpaka nje wakasikia, "Karibuni, jisikieni nyumbani!"

Mchezo ukaenda vizuri. Ikafika mahali ambapo Willis, aliyekuwa mume, anasikia mkewe anakuja, naye ana funguo za ile nyumba ya pili mkononi. Anatafuta pa kuzificha. Akatia mkono kwenye mwanya wa kochi, kule ndani kabisa.

"We! Toa mkono hapo!"

Ni Dedan. Amesimama, kofia imeanguka. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Walidhani ni mwigizaji aliyepandikizwa katikati ya watu, na hakijawahi kutokea kitu kama hicho Mbotela. Willis naye akadhani ni mbinu mpya ambayo hakuambiwa, na vidole vyake kule ndani vilikuwa vimegusa kitu. Akakivuta. Viatu vya mtoto. Vidogo vya kutosha kiganjani, vyekundu, vipya, vimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani. Willis akavitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Na Saado, msichana aliyeigiza mke, hodari sana yule, akaja mbio akamnyang'anya, akaviinua juu watu wote wavione.

"Hivi ni vya nani," akauliza, "na mimi kitinda mimba wangu ana ndevu?"

Makofi yale! Watu walisimama juu ya mabenchi. Wahome, kitinda mimba wa Wacera, alikuwa na ndevu.

Phelister alikuwa nyuma ya pazia, jicho kwenye tundu. Alijua mchezo hauna viatu. Alimwona Dedan akiketi polepole na kuinama kama anayetafuta kofia, asiipate. Alimwona Wacera akichukua mkoba wake, akirekebisha kilemba, akitembea taratibu katikati ya watu wanaopiga makofi mpaka mlangoni. Watu walidhani anatoka kwenda kuchekea nje. Kabla hajatoka aligeuka, akatazama jukwaa, kisha akatazama lile pazia, pale pale penye tundu. Phelister alihisi macho yale yamemfikia.

Jioni Willis alimkumbatia. "Mama Maurine, wewe ni hatari! Viatu! Na yule mzee mlimpanga lini?" Na Phelister angejibu nini? Angesema si mimi, wangeuliza ni nani basi, na kesho yake mtaa mzima ungekuwa mlangoni kwa Wacera. Akanyamaza. Akala sifa zile, na zilikuwa chungu kuliko shubiri.

Na kesho yake akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe mkopaji. Alikuwa ametoka nyumbani asubuhi na mapema kwenda kurudisha kochi, akafika mpaka kona ya nyumba ya Wacera, akasikia ndani kimya, hakuna redio, hakuna sufuria. Akasimama pale pale. Nitamwambia nini? Nitakaa pale, ninywe chai, nisimulie mchezo ulivyokwenda? Akawapa vijana wa mkokoteni kochi walipeleke wenyewe. Yeye akarudi kwenye cherehani. Mchana Wacera hakufungua duka. Wiki iliyofuata duka lilikuwa na mtu mwingine.

Mchezo ule haukuchezwa tena. Willis alitaka, Phelister alikataa kuukopea, na bila mkopaji Sebule hawana hata pa kuketi. Miaka ikapita, kama ishirini hivi. Willis alistaafu akarudi kwao. Saado aliolewa Garissa. Vijana wakaja, wakakuta jina, wakakuta bibi mmoja aliyekataa kuacha kazi. Alisikia kwamba Wahome amemnunulia mama yake nyumba Buruburu. Alisikia Dedan amefariki. Alikwenda kanisani, akasimama nyuma kabisa, akatoka kabla ya watu kuanza kupeana mikono. Kila akiona makochi ya velveti alimkumbuka rafiki yake, na kusema kweli, hakupata mwingine wa kula naye mchana.

Na sasa Jacky anataka viatu. Tayari alikuwa amekwisha kuvinunua, soko la Gikomba, vyekundu. Phelister akinyamaza, Wacera atapigiwa makofi mara ya pili, na safari hii kwa mabango na picha za simu. Akisema ukweli ili azuie, basi ni yeye atakayekuwa ameitoa siri ya mwenzake nje. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, halali vizuri. Mwishowe akavaa gauni la kanisani, akaenda Buruburu bila kumwambia mtu, hata Maurine.

Mlango ulifunguliwa na msichana mrefu mwenye uso mpana, kitambaa cha jikoni begani. Akaamkia vizuri. "Cucu," akaita ndani, kama mtu anavyomwita bibi kwa Kikuyu, "kuna mgeni."

Wacera alikuwa ameketi akiambua minji maganda, bakuli mapajani. Amekonda, miwani mizito. Aliinua uso, akatazama, mikono ikasimama. Kisha ikaendelea.

"Mama Maurine."

"Mama Wahome."

"Keti basi. Kalekye, weka chai. Halafu uende uchukue maziwa mengine, haya hayatoshi."

Maziwa yalikuwepo tele. Phelister aliiona pakiti mezani. Alijaribu asimtazame yule msichana miguu wakati anavaa viatu vya kutokea, lakini macho ni kitu kisichosikia. Mlango ulipofungwa Wacera akasema, "Ndiyo. Ni yeye wa vile viatu. Mama yake alifariki, Dedan akaniletea akiwa darasa la tatu. Analia, kibegi mgongoni. Ungefanya nini? Sasa ndiye anayenipeleka hospitali. Wahome ana familia yake, lakini huyu ndiye anayejua dawa zangu."

Phelister akaeleza alichokuja kusema: ukumbi unabomolewa, vijana wanataka mchezo ule, wanataka na viatu. Alisema haraka haraka na macho sakafuni. Wacera alimwacha mpaka akamaliza.

"Na umekuja kuniomba ruhusa?"

"Nimekuja kukuuliza nifanye nini."

"Siku ile hukuniuliza."

"Siku gani?"

"Usijifanye, Mama Maurine, tumezeeka." Bakuli likawekwa chini kwa kishindo, minji ikaruka. "Wewe hukagua! Kila kochi, kila mshono! Hakuna mtu Mbotela asiyejua. Ulivikuta vile viatu. Ulivikuta, ukajua ni vya nini. Ungenijia jikoni. Ungeniita dukani, ukafunga mlango, ukaniambia, Mama Wahome, keti. Mimi si nilikuwa rafiki yako? Badala yake ukaviacha pale vitolewe mbele ya watu! Ukaniambia mambo ya nyumba yangu kupitia mdomo wa wale watoto! Na mtaa ukakupigia makofi, ati Phelister ni hodari, ati ndiye aliyeviweka, na hukukana. Kesho yake ukaniletea kochi kwa mkokoteni. Kwa mkokoteni! Wewe!"

Miaka yote Phelister aliamini kwamba Wacera anamkwepa kwa aibu. Hata siku moja haikumjia kwamba anatuhumiwa.

"Sikukagua," akasema.

"Ati nini?"

"Kochi lako sikulikagua. Nakuapia kwa kaburi la Owuor. Ni lenyewe tu, katika makochi yote niliyowahi kukopa."

"Mbona?"

"Kwa sababu lilikuwa lako."

Wacera alimtazama.

"Ningeanzaje?" Phelister akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila heshima. "Nitie vidole kwenye kochi lako kama la mtu baki? Niliona nitakukosea adabu. Nililipangusa vumbi, nikalinyooshea vitambaa, basi. Na waliponisifu ningesemaje? Ningekana, wangetafuta ni vya nani. Na mkokoteni, huo ni wangu. Nilifika mpaka kona yako nikaogopa. Hilo nihukumu nalo. Lakini kuviona sikuviona."

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira langoni kwa watu. Wacera alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaivaa, akaivua tena.

"Ngai," akasema. "Ngai, Phelister."

Walilia, ndiyo, wazee wawili, mmoja hapa mmoja pale, kila mtu na leso yake, mpaka Wacera akacheka katikati ya kilio kwa sababu minji ilikuwa imetapakaa kila mahali na wote wawili hawawezi kuinama. Phelister ndiye aliyepiga magoti kwanza. Wakaiokota pamoja wakigombana nani ana goti bovu zaidi.

"Mimi wanicheke, nimezoea," Wacera akasema wakiwa pale chini. "Lakini huyu msichana hajui. Anajua baba yake alikosea, hilo nilimwambia. Hajui kwamba ukumbi mzima ulisimama kwenye mabenchi kwa ajili ya viatu vyake. Viatu vyenyewe vilirudi na kochi, sikuvitupa, alivivaa mdogo wake Wahome... yaani mtoto wa Wahome, unaona nilivyochanganyikiwa. Hilo la kuchekwa asilijue."

"Hatalijua."

"Na halafu." Akatia minji bakulini. "Ule mchezo uliishaje?"

"Kwani hujui?"

"Ningejuaje? Nilitoka. Watu wanausimulia mpaka leo, wanaishia kwenye viatu. Hakuna anayeniambia uliishaje."

"Njoo uone," Phelister akasema.

Vita na Jacky havikuwa vidogo. Mwenzangu, binti yule anajua kubishana. "Shosh, watu wanakuja juu ya hivyo viatu! Nimeshaweka kwa bango! Tukivitoa itabaki nini?" Phelister akasema kutabaki mchezo. Jacky akataka sababu. Phelister akasema hana sababu, ila kama viatu vinaingia, wajitafutie mkopaji mwingine, na huko Makongeni nusu ya nyumba zimekwisha kuhamwa, wabahatike. Mulwa, mjukuu wa yule Mama Mulwa na kijana aliyekuwa aigize mume, akasema kwa sauti ndogo kwamba Shosh hajawahi kukataa kitu bure. Jacky akarusha vile viatu kwenye kiti, akatoka nje, akakaa huko muda, akarudi. "Sawa," akasema. "Lakini tukizomewa, ni juu yako." Na hakumsemesha mpaka siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuja watu waliohama zamani, kutoka Kayole, kutoka Athi River, kina baba wenye vitambi waliowahi kubeba zile meza. Jukwaani palikuwa na kochi la mjane mmoja wa Makongeni, la kijivu, na Phelister alikuwa amelikagua mara mbili. Safari hii hakukaa nyuma ya pazia. Aliketi katikati ya watu, Wacera kushoto kwake, na Kalekye upande wa pili wa Wacera, akiwa amembebea mto wa kukalia.

Mulwa alipotia mkono kwenye mwanya wa kochi, ukumbi ulianza wenyewe. "Viatu! Viatu! Viatu!" Wazee wazima, wanapiga miguu sakafuni. Mulwa akasita. Kijana akautoa mkono mtupu, akautazama, akaendelea na mchezo. Kukawa na miguno. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, mwingine akasema kwa sauti kwamba Sebule ya siku hizi ni bure kabisa, na Phelister, aliyeitumikia Sebule ile tangu ujana wake, alilisikia neno hilo likimwingia.

"Cucu, viatu gani?" Kalekye akauliza.

"Mimi ningejuaje?" Wacera akasema. "Watu wa Mbotela wanapenda kelele."

Naye akaendelea kutazama mbele. Alitazama mchezo wote, mke mkubwa alipofuata mumewe mpaka nyumba ya pili, alipobisha, alipofunguliwa na mwanamke aliyechoka kama yeye, wawili hao walipoketi na kumwacha mume nje ya mlango mpaka giza likaingia, na mwishowe mke mkubwa akainuka akamfungulia. Hapo ndipo mchezo unapoishia. Watu walipiga makofi vizuri, siyo ya kusimama juu ya mabenchi, lakini vizuri. Jacky alilia jukwaani na kumpungia Phelister mkono.

Nje Kalekye alitangulia kutafuta gari. Wazee wakasimama kando ya ukuta, watu wakiwapita.

"Basi ndivyo unavyoisha," Wacera akasema.

"Ndivyo."

"Si wa kweli. Yule mke amefungua mlango upesi sana. Kwa siku moja?"

"Wewe ulichukua muda gani kumsamehe Dedan?"

Wacera akafikiri, akijifunga kitambaa vizuri kichwani.

"Dedan? Krismasi ya mwaka ule ule nilikuwa nimemaliza naye, nikampikia. Dedan alikuwa mwanamume tu." Akamshika Phelister mkono, akaubana kwa nguvu ambazo hukudhania anazo. "Ni wewe niliyeshindwa kukusamehe."